Gome la mkomafi na vidonge vya sukari

Dada, umeuliza kama mama aache vidonge vya ugonjwa wa sukari anywe gome la mkomafi, mti wa jamii ya mikoko, lililochemshwa. Asiache. Gome hilo lina tanini nyingi, ule ukakasi unaokaza ulimi, ndiyo maana huku pwani na hata Asia wengine hulinywa kwa kuhara. Kwa sukari, tunda la mti huo limejaribiwa kwa panya na likaonyesha dalili nzuri, lakini kipimo cha panya hakimhusu mama yako. Akichanganya na vidonge, sukari inaweza kushuka ghafla: kutetemeka, jasho, hata kuzimia. Tanini nyingi pia hufunga choo na kupunguza madini ya chuma mwilini. Kama ameshaanza kunywa, mwambieni daktari wake, msimfiche.