Kari ya kijani ya Thailand: liache tui likatike

Nachemsha tui la pakiti lakini mafuta hayajitengi. Nakosea wapi?

Tatizo ni tui lenyewe. Matui mengi ya pakiti na kopo hutiwa vidhibiti ili maji na mafuta yasiachane, na kari hii inataka yaachane. Mpishi wa pwani amezoea kukoroga tui lisikatike. Hapa tunataka likatike. Ikune nazi, ukamue kikombe 1 cha tui zito kwa maji kidogo sana, kisha vikombe 2 vya tui jepesi. Chemsha lile zito peke yake kwenye sufuria pana, moto wa wastani, kwa dakika 5 hadi 10. Mlio wa kuchemka ukigeuka kuwa wa kukaanga, na matone ya mafuta yakaanza kung'aa pembeni, tia masala mabichi ya kupondwa (namna yake iko hapa chini) vijiko vikubwa 4. Kaanga mpaka harufu ya kitunguu kibichi iishe. Ukiwa na tui la pakiti tu, kaanga masala kwa vijiko 2 vya mafuta ya kula, kisha ongeza tui kidogo kidogo.

Masala yangu yana nyuzinyuzi.

Mchaichai huo. Tumia sehemu nyeupe ya chini tu, uikate vipande vyembamba kama karatasi. Kwenye kinu anza na vikavu: mbegu za giligilani kijiko kikubwa 1 na bizari nyembamba kijiko cha chai 1, zote zimekaangwa bila mafuta, pamoja na pilipili manga nyeupe kidogo. Fuatisha chumvi, mabua 2 ya mchaichai, galangali (mzizi wa jamii ya tangawizi) na mizizi ya giligilani, halafu pilipili mbichi za kijani 15. Vitunguu vidogo vyekundu, kitunguu saumu na kijiko cha chai cha uduvi wa kuchachushwa huja mwisho. Ukitanguliza vyenye maji, mchaichai utateleza chini ya mchi bila kusagika. Kwenye blenda ongeza tui, si maji. Masala yenye maji mengi huchemka badala ya kukaangika.

Naweza kutumia tangawizi badala ya galangali?

Unaweza, kwa nusu ya kipimo, ila ladha itabadilika. Galangali ina ukali wenye harufu ya msonobari ambao tangawizi haina.

Na bizari ya mchuzi?

Kwenye kari ya kijani, hapana. Kari ya njano ndiyo huikubali.

Kuku anakuwa mkavu na rangi inageuka kahawia.

Acha kidari, chukua gramu 500 za paja lisilo na mfupa. Mgeuze kwenye masala dakika 2, mimina tui jepesi, tia sosi ya samaki vijiko vikubwa 2 na sukari ya mnazi kijiko 1, kisha bilinganya. Dakika 12 hadi 15 za moto mdogo zinatosha, bila mfuniko. Rangi ya kijani iliyofifia ni ya kawaida. Ikiwa kahawia kabisa, umepika mno au ulitumia pilipili zilizoanza kuiva. Majani ya ndimu ya Thailand yachanwe na kutiwa dakika za mwisho, rehani baada ya kuepua. Ukiyakosa majani hayo, paruza ganda la ndimu, ile kijani tu, kwa sababu nyeupe ni chungu. Maji ya ndimu usikamulie: kari hii haihitaji uchachu.