Shemeji kanifungia kampuni, injankshen itanirudisha ofisini?

SWALI: Wakili habari za kazi. Niko Busia upande wa Uganda. Mimi na shemeji yangu tuna kampuni ya kusaga mahindi, yeye ana hisa asilimia 60 mimi 40, na wote ni wakurugenzi. Wiki mbili sasa kabadilisha kufuli, benki sahihi yangu imetolewa, na juzi kuna mtu kaja kuangalia mashine anataka kununua. Polisi wananiambia hiyo ni kesi ya madai. Jamaa yangu anasema nikachukue injankshen koti, Jumatatu nakaa kwenye kiti changu. Ni kweli?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, shemeji na biashara tunawajua. Huyo jamaa yako kakupa nusu ya ukweli.

Injankshen, yaani zuio la muda, kazi yake ni kusimamisha mambo pale yalipo mpaka kesi isikilizwe. Sasa jiulize, leo mambo yako wapi? Kufuli limeshabadilishwa, sahihi imeshatolewa, hayo jaji atakuambia yameshapita na ukiomba azuie kitu kilichokwisha fanyika ombi linaanguka. Kuna amri ya kumlazimisha mtu arudishe hali ya zamani, ipo, lakini majaji huitoa kwa shida kabla ya kusikiliza kesi yenyewe. Mashine ndiyo bado iko hapo. Kwa hiyo ombi lako liende kwenye mashine: asiuze, asihamishe, asiweke rehani, na hisa zisiguswe. Hiyo unaipata ukiwahi.

Kipimo chetu Uganda bado ni kile cha kesi ya Kiyimba Kaggwa ya 1985. Uonyeshe una kesi yenye uzito, uonyeshe utaumia kwa namna ambayo fidia ya pesa haitatibu, na jaji akibaki na shaka anaangalia nani ataumia zaidi. Hapo kwenye fidia ndipo wengi wanaangukia, maana mtu anaapa kwenye afidaviti yake kwamba anapoteza milioni kadhaa kila mwezi, anadhani anajenga kesi kumbe anaibomoa, ukishaitaja hasara kwa shilingi umemwambia jaji kwamba inahesabika na inalipika. Wewe sema mashine ikiondoka hakuna tena kampuni ya kugombania, wateja wa unga watahamia kwa jirani na hawarudi.

Kwenye uzito wa kesi, kabla ya yote fanya sachi ya kampuni (upekue kumbukumbu zake) pale URSB, ofisi ya serikali inayosajili makampuni, uone kama kuna Fomu 20, ile ya taarifa za wakurugenzi, mpya iliyokutoa ukurugenzi. Kweli mwenye asilimia 60 anaweza kumtoa mkurugenzi kwa kura ya kawaida, sheria inamruhusu, ila lazima kuwe na notisi maalumu ya siku 28, mkutano, na wewe upewe nafasi ya kujieleza. Kama fomu imeingizwa na hujawahi kuitwa kikao chochote, hiyo karatasi moja inakubeba kuliko maneno yote ya jamaa yako. Hisa zako hata hivyo zinabaki, kukutoa ukurugenzi hakukutoi kwenye hisa.

Halafu injankshen haisimami peke yake, lazima kuwe na kesi yenyewe imefunguliwa, na kama thamani inapita shilingi milioni 50 hiyo si ya hakimu mkuu, ni Mahakama Kuu. Mnunuzi akiwa mlangoni loya wako aombe pia oda ya haraka ya siku chache, hiyo inaweza kutoka hata shemeji hajaitwa, ila usimfiche jaji kitu (kama ulichukua pesa ya kampuni ukajengea nyumba, sema mwenyewe kabla shemeji hajasema).

Na oda ikitoka usilale nayo. Nina mteja aliyeacha oda kwenye dashbodi ya gari siku tatu anangoja "siku nzuri" ya kuipeleka, alipofika pale stoo alikuta boliti nne zimechomoza kwenye saruji na alama ya mafuta, mashine hakuna. Mpinzani wake alisema hakujua kuna oda, na kweli hakujua. Angekuwa amepewa akaivunja, Oda ya 41 ya kanuni za kesi za madai inaruhusu mali yake ikamatwe au awekwe jela ya madai mpaka miezi 6. Wewe peleka nakala siku hiyohiyo kwa shemeji, kwa meneja wa benki, na kwa huyo mnunuzi pia, kila mmoja agonge muhuri au asaini kwenye nakala yako na aandike na saa.