Kazi ya mfamasia si kukabidhi mofini tu

Ndugu, pole kwa kumuuguza mzee wako. Umeuliza kama mfamasia ana kazi yoyote kwenye tiba shufaa, yaani matunzo ya kumpunguzia mateso mwenye ugonjwa mzito, zaidi ya kukabidhi mofini, ile dawa kali ya maumivu. Anayo, tena kubwa.

Mofini ya maji kwa kawaida hunywewa kila baada ya saa 4, bila kungoja maumivu yarudi. Familia nyingi humsubiri mgonjwa alie kwanza, na huko ndiko kumtesa; mfamasia mzuri huwaketisha akawaeleza. Huhakikisha pia dawa ya kulainisha choo inaanza pamoja na mofini, maana kichefuchefu cha siku za mwanzo mara nyingi hupungua, lakini kufunga choo huendelea. Figo zikidhoofika, mabaki ya mofini hujikusanya mwilini, hivyo humshauri daktari apunguze dozi au abadili dawa.

Mzee akishindwa kumeza, tafadhali msisage kidonge chochote kabla ya kumuuliza mfamasia. Vile vya kutoa dawa polepole vikisagwa huachia dozi yote kwa mkupuo, na inaweza kuua.

Mpelekee mfamasia dawa zote anazotumia, hata za mitishamba. Huenda nyingine, kama za kushusha lehemu (mafuta kwenye damu), hazimsaidii tena.