Dawa ya kuondoa klorini: mimea na mwani kwenye tangi la samaki

Mwani ukitanda kwenye vioo siku chache baada ya kubadilisha maji, wengi huilaumu dawa ya kuondoa klorini. Ikiwekwa kwa kipimo chake, dawa hiyo hailishi mwani wala haiui mimea. Chunguza kwanza maji ya bomba yenyewe, mwanga, na jinsi unavyopima.

Dawa nyingi zina sodiamu thiosalfeti, inayoigeuza klorini ya maji ya bomba kuwa kloridi, isiyo na madhara, ndani ya dakika chache. Ukiacha kuitia, mimea laini kama ya jamii ya kuvu-mwani (moss) inaweza kuungua, lakini hasara kubwa iko kwenye filta. Klorini ikiwaua bakteria wake wanaoondoa amonia, yaani taka yenye sumu ya samaki, amonia hiyo hubaki majini, na amonia pamoja na mwanga mwingi huweza kuyageuza maji kuwa kijani. Ndiyo maana anayeacha dawa ili apunguze mwani huishia kuuongeza.

Kama mamlaka yenu ya maji hutumia kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia), jua kwamba thiosalfeti huivunja na kuachia amonia. Tangi lililojaa mimea inayokua haraka kama Hygrophila au Ceratophyllum huila amonia hiyo upesi. Tangi jipya lenye vimimea vichache haliwezi, kwa hiyo tafuta dawa inayofunga pia amonia, na taa isizidi saa 6 kwa siku mpaka mimea ishike. Ukipima amonia baada ya kutia dawa, tumia kipimo cha amonia cha aina ya salisileti. Kile cha aina ya Nessler hudanganywa na baadhi ya dawa hizi, ukaona sumu ambayo haipo.

Dawa zinazodai kuondoa metali nzito mara nyingi zina EDTA, kemikali inayoshika metali, au kitu cha jamii yake. Zinaposhika shaba, huweza kushika pia chuma na manganizi vinavyohitajiwa na mimea. Majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, mimea inakosa chuma. Tia dawa leo, mbolea ya chuma kesho. Zile zenye aloe vera sipendekezi kwa tangi la mimea: zinaongeza uchafu wa kuoza bila faida yoyote kwa majani.

Kipimo ndipo wengi wanapokosea. Seachem Prime, kwa mfano, ni mililita 5 kwa lita 200, yaani nusu mililita kwa ndoo ya lita 20. Tumia bomba la sindano la mililita 1, usikadirie kwa kifuniko. Ukitia dawa ndani ya ndoo, hesabu maji ya ndoo tu. Ukimimina maji ya bomba moja kwa moja kwenye tangi, tia dawa kwanza, kwa hesabu ya ujazo wa tangi zima.

Anayenunua thiosalfeti ya chengachenga ayeyushe gramu 14 kwenye maji safi, kisha aongeze maji yafike mililita 100. Mililita 1 ya mchanganyiko huo inatosha ndoo ya lita 20 yenye klorini miligramu 1 kwa lita. Klorini ikiwa maradufu, tia mililita 2.

Baadhi ya dawa za kuondoa klorini zina salfaiti au dithionaiti badala ya thiosalfeti; kuzidisha sana dawa hizo hupunguza oksijeni, na hatari huwa kubwa usiku, maana mimea nayo huvuta oksijeni gizani. Samaki wakihema juu ya maji, washa pampu ya hewa mara moja, kisha badilisha sehemu ya maji kwa yaliyopimwa vizuri.