Sakafu imeshuka vidole viwili: usipige skridi kabla hujajua chini kuna nini

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yote yaliyotangulia. Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada ana nyumba Dodoma, kahamia mwaka juzi, na sakafu ya sebuleni imeshuka kama vidole viwili upande wa ukuta wa nje. Skatingi (ule ukanda wa taili chini ya ukuta) imebaki inaning'inia, taili ukizigonga zinalia tupu. Fundi anamshauri wang'oe taili, wapige skridi ya mchanga na saruji juu kusawazisha, kisha wabandike upya. Mdau mwingine kaweka video ya Wamarekani wanatoboa jamvi (lile zege la sakafu) na kupuliza povu linaloinua sakafu, anauliza kwa nini sisi tusifanye hivyo.

Mimi si mhandisi, ni msimamizi wa saiti. Nilianzia Shinyanga, nikakaa Kibaha, sasa niko hapa hapa Dodoma. Sehemu zote tatu zina udongo msumbufu. Kwa maelezo uliyotoa, yapo mambo mawili yanayofanana kwa macho lakini yanatokana na sababu zinazopingana, na ukitibu moja kwa dawa ya lingine unaharibu zaidi. Kwa hiyo mwambie fundi asubiri kwanza.

La kwanza ni kifusi. Kwa nyumba nilizopita, hiki ndicho kinachoshusha majamvi mengi kuliko ardhi yenyewe. Tazama tunavyojenga. Msingi ukishatoka juu ya ardhi kozi (mistari ya tofali) kadhaa, lile boksi la ndani linajazwa. Linajazwa nini? Udongo ule ule uliotolewa kwenye mitaro, vipande vya tofali, majani, mifuko ya saruji, chochote kilichozagaa saiti. Unamwagwa wote kwa mkupuo mmoja, unasambazwa kwa koleo, kijana anakabidhiwa mpira amwagilie "mpaka ushibe", kesho yake yanapangwa mawe na zege linamwagwa. Maji yanasaidia kiasi kama ulichojaza ni mchanga. Kama ni mfinyanzi wa mabonge hayashindilii kitu. Bonge linalainika kwa nje, ndani bado kavu, na nafasi kati ya bonge na bonge zinabaki pale pale. Siku ya kumwaga zege kila kitu kinaonekana kimekaa, fundi analipwa, anaondoka. Mabonge yanaanza kusagika mvua za kwanza zikipenya.

Piga hesabu: kifusi cha sentimita 60 kikishuka asilimia 5 tu, hizo ni sentimita 3. Hapo ndipo penye vidole vyako viwili. Na kama kiwanja kina mteremko, upande wa juu kifusi kinaweza kuwa sentimita 20 na upande wa chini mita nzima, kwa hiyo sakafu inashuka upande wa chini peke yake na vyumba vingine havina habari.

Angalia pia jamvi lako lilikaaje. Kama lilipita juu ya kuta za msingi na ukuta wa juu ukajengwa juu yake, kingo zimebanwa, haziwezi kushuka. Kitakachoshuka ni katikati, na utaona ufa unaokwenda sambamba na ukuta, hatua moja hivi kutoka ukutani. Kama lilimwagwa ndani ya boksi bila kushikana na kuta, linashuka na ukingo wake na kuacha mwanya chini ya skatingi. Lako linaelekea ni hili la pili.

Sasa hiyo skridi ya fundi. Sebule ya mita 4 kwa 5, skridi ya wastani wa sentimita 3, ni zaidi ya nusu mita ya ujazo, karibu tani moja na robo. Unalibebesha mzigo huo jamvi ambalo chini yake huenda pana uwazi. Nimeona nyumba iliyopigwa skridi mara mbili, na mara ya pili jamvi lenyewe likakatika.

La pili ni mbuga, ule udongo mweusi au wa kijivu ambao kiangazi unapasuka mpaka mkono unaingia na masika unang'ang'ania buti. Madini yake yanafyonza maji na kuvimba, yakikauka yanasinyaa, na mchezo huo unajirudia kila mwaka. Usukumani wakulima wana jina la kila udongo kadiri mteremko unavyoshuka: luseni ule wa kichanga huko juu, itogolo katikati, mbuga chini. Mzee wa pale anaweza kukuonyesha nyumba ipi itapasuka kabla hujachimba hata shimo. Ukiona majaruba ya mpunga jirani na kiwanja unachouziwa, hilo nalo ni jibu. Wanaodhani Pwani yote ni mchanga waende Kibaha wakaone kuta zilivyochanika kwa mfinyanzi wa namna hii.

Kinachowachanganya watu ni hiki. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili kwa kawaida, halafu miezi mingi ya jua kali. Ukavu unaila nyumba kuanzia pembeni. Chini ya katikati ya nyumba hapana jua wala upepo, jamvi limefunika, unyevu unaopanda kutoka chini hauna pa kutokea. Kwa hiyo udongo wa katikati unavimba polepole na kubaki umevimba, ule wa kingo unasinyaa kiangazi na kurudi mvua zikinyesha. Ukisimama sebuleni mwezi wa kumi unaona upande wa ukuta wa nje uko chini, unasema sakafu imezama. Kumbe katikati ndiyo iliyopanda, na pembeni pamenywea kwa muda tu. Ukisawazisha pembeni mwezi huo, Aprili udongo wa kingo unarudi juu na skridi yako, unapata kijilima ukutani na mlango haufunguki. Kisha mtu analaumu saruji.

Utazitofautishaje? Anza na kuta. Kifusi kikishuka, kuta hazihusiki kwa sababu zimekaa kwenye msingi wake. (Ukuta wa kugawa vyumba uliojengwa juu ya jamvi bila msingi usiuhesabu, huo unakwenda na jamvi.) Mbuga inacheza na nyumba nzima: nyufa za mshazari kwenye kona za madirisha, mlango unaobana masika na kulegea kiangazi. Tazama na umbo la ufa. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, ncha za nyumba zimeshuka au katikati imepanda. Ukiwa mpana chini, katikati ndiyo iliyoshuka. Chora alama ya penseli kwenye ncha za ufa na uandike tarehe pembeni, utajua kama bado unatembea.

Halafu pima. Huhitaji mashine, tafuta mpira mweupe unaoonyesha maji, ujaze, hakikisha hakuna povu la hewa hata moja ndani, maana povu moja linatosha kukudanganya sentimita nzima. Mtu mmoja anashika ncha hii kwenye kona, mwingine anazunguka na ncha ya pili, mnaweka alama ukutani mpaka mmalize chumba. Unganisheni alama kwa uzi wa chaki, huo ndio mstari wenu, uwe kama mita moja juu ya sakafu. Sasa shuka na futi kamba kutoka kwenye mstari mpaka sakafuni kila baada ya mita moja. Uandike kila kipimo kwenye mchoro wa chumba. Kwa katikati ya chumba vuta uzi kutoka mstari wa upande huu hadi wa upande ule na upime chini yake. Ukimaliza usiufute mstari. Rudia kazi hii mwezi wa 11 kabla mvua hazijaanza, na tena mwishoni mwa Aprili. Mpira ukionyesha mstari bado uko sawa lakini kimo cha kuufikia kutoka sakafuni kimeongezeka, jamvi peke yake limeshuka. Mstari wenyewe ukiwa umeinama, kuta na msingi vimehama, na hapo mwite mhandisi, achana na mimi na jukwaa zima.

Wakati huo huo funga mabomba yote usiku, soma mita ya maji, soma tena asubuhi kabla mtu hajanawa. Ikiwa imesogea, una bomba linalovuja, na likiwa chini ya jamvi ndilo linaloosha kifusi chako. Hili watu wanaliruka kwa sababu halina gharama. Kwenye udongo wa kichanga bomba la bafuni linaweza kutoboa shimo la kutosha ndoo bila sakafu kuonyesha dalili, mpaka siku taili zinakatika.

Kuhusu udongo wenyewe, kuna kipimo cha maabara unachoweza kukiiga nyumbani ukapata picha. Chimba pembeni ya msingi, chukua udongo wa kina cha mita moja, usiwe wa juu. Ukaushe, utwange, uchekeche kwa chekecheo laini sana. Tia kiasi kinacholingana kwenye vyombo viwili vyembamba vya kioo vinavyofanana, kimoja ongeza maji safi, kingine mafuta ya taa. Koroga hewa itoke, acha saa 24. Mfinyanzi hauvimbi kwenye mafuta ya taa, kwa hiyo kile ndicho kipimo chako cha kulinganishia. Tazama udongo umetuama kwenye mstari gani katika kila chombo. Maabara inakokotoa tofauti kwa asilimia ya ule ulio kwenye mafuta: chini ya 20 ni udongo mtulivu, kuanzia 35 unaingia kwenye hatari, ukivuka 50 ni mbuga hasa. Mara ya kwanza nilipoona udongo kwenye chombo cha maji umepanda karibu mara mbili ya mwenzake nilielewa kwa nini jamvi la sentimita 10 halina ubavu wa kushindana nao.

Basi tuseme vipimo vimeonyesha ni kifusi. Toboa tundu dogo kwenye sehemu inayolia tupu, ingiza waya wenye alama, utajua uwazi chini ni wa kina gani. Ukiwa mdogo na jamvi halijakatika, toboa matundu kadhaa, mimina uji mwepesi wa saruji na mchanga laini kwenye moja mpaka utokee kwenye mengine. Uji huu hauinui sakafu, unaziba uwazi tu ili jamvi lipate pa kukaa. Ukishakauka, na vipimo vya msimu mzima vikionyesha sakafu imetulia, hapo mpe fundi ruhusa ya skridi yake. Jamvi likiwa limekatika vipande, au ukikuta chini majani na takataka, usihangaike na uji. Vunja, toa kifusi kibaya, rudisha moramu (udongo wa changarawe) yenye unyevu kidogo kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka lishindiliwe kwa kompekta (mashine ya kushindilia) kabla ya kumwaga jingine, nailoni nzito, wavu wa nondo, kisha zege. Inauma mfukoni, ila unaifanya mara moja.

Ikiwa ni mbuga, kazi ya kwanza iko nje ya nyumba. Unachotafuta ni unyevu usiobadilika badilika chini ya kingo. Funga mifereji ya bati na upeleke maji mbali, usiyaache yamwagike kwenye kona. Zungusha zege pembeni ya nyumba, upana wa mita 1 hadi 1.5, liinamie nje kama sentimita 5 kwa kila mita. Bustani inayomwagiliwa kwenye ukuta mmoja tu, iondoe. Mti mkubwa ulio karibu kuliko urefu wake mwenyewe unanyonya maji chini ya msingi wako, na mkaratusi ndio mbaya kuliko yote. Hata ukiukata usitegemee utulivu siku hiyo hiyo, maana udongo uliokaushwa na mizizi utaanza kuvimba tena. Baada ya hapo subiri mwaka mmoja ukipima, ndipo usawazishe. Kwa wanaotaka kuanza ujenzi: mbuga ikiwa ya kina kifupi itoe yote na ujaze moramu, ikiwa ndefu mwone mhandisi akuchoree jamvi linalobebwa na mihimili juu ya ardhi, pawe na nafasi ya udongo kupumua chini.

Video ile ya povu ni kazi halali kabisa. Kule Texas, Dallas na Houston, mfinyanzi unavimba na kusinyaa kama huu wetu, na kuna watu hawana kazi nyingine zaidi ya kunyanyua nyumba. Povu linavimba chini ya jamvi na kulisukuma juu, au wanatumia pampu kuingiza tope la saruji kwa mgandamizo. Linafaa kwa jamvi lililoshuka na likatulia. Kwenye mbuga inayocheza unainua leo, mvua zikija udongo unavimba chini ya povu na kuinua vyote viwili. Na huku kwetu kumpata mwenye mashine na uzoefu ni kazi kuliko kuvunja na kushindilia upya.

Mkuu, weka hapa vipimo vya kila mita ukishapima. Sema kiwanja kinainamia upande gani, shimo la maji taka liko wapi ukilinganisha na ukuta huo wa nje, na piga picha ya kona za madirisha kwa nje. Taili usizing'oe bado.