Kwa mbunge mpya: chama chako na shilingi ya waziri

Ndugu mbunge, ukifika Dodoma utasikia mengi kuhusu nidhamu ya chama. Yachukulie kwa uzito. Kwa ibara ya 71 ya Katiba ya Tanzania, mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake umekwisha. Ibara ya 100 inalinda uhuru wako wa kusema ukumbini usishtakiwe mahakamani, lakini haikukingi mbele ya vikao vya maadili vya chama. Anayetaka kuwatumikia wananchi na kubaki mwanachama mwema lazima ajue jambo lianzie wapi.

Anza na karatasi. Kabla bajeti ya wizara haijafika ukumbini hupita kwenye kamati ya kisekta, na huko ndiko randama, yaani maelezo ya kina ya makadirio ya wizara, husomwa mstari kwa mstari. Linganisha fedha zilizotengwa na zilizotolewa kweli. Mradi unaweza kuandikwa miaka mitatu mfululizo bila kupelekewa hata senti, na mbunge anayetafuta jina la barabara yake tu hataliona hilo. Kama hauko kwenye kamati hiyo, mpe mjumbe wake kwa maandishi namba ya fungu na kasma, yaani mahali fedha hizo zilipo kwenye kitabu cha bajeti.

Pili, ilani ya uchaguzi ya chama. Nakili ukurasa wenye ahadi unayoidai. Mbunge wa chama tawala anayeidai serikali yake kile ilichoahidi anakitetea chama, na ni vigumu kumwita msaliti akiwa ameshika ukurasa huo.

Tatu, kikao cha wabunge wa chama. Sema humo, waziri akisikia. Wageni wengi hunyamaza ndani kisha hulipuka mbele ya kamera. Waziri hujiona amevamiwa, wenzako hujitenga nawe, na kisima cha wananchi hakichimbwi.

Usipopata jibu, ndipo ushike shilingi, yaani utake shilingi moja iondolewe kwenye mshahara wa waziri kama ishara ya kutoridhika. Kwenye Kamati ya Matumizi, Bunge zima linapokaa kama kamati kupitisha makadirio ya wizara kifungu kwa kifungu, kifungu chenye mshahara wa waziri kikiitwa, simama uombe ufafanuzi wa jambo moja la kisera. Zahanati ya kijiji kimoja haifai hapo. Sema juu ya zahanati zilizojengwa kwa nguvu za wananchi na kuachwa bila kuezekwa. Jibu lisipotosha, toa hoja ya kuondoa shilingi. Kabla ya siku hiyo uwe umezungumza na wabunge wa mikoa mingine wenye tatizo hilohilo, maana hoja isiyo na waungaji mkono huzimika palepale. Na usiirudishe shilingi kwa kuambiwa "tutalifanyia kazi". Dai kiasi, tarehe na ofisi inayohusika, vyote viingie kwenye Taarifa Rasmi za Bunge. Mwaka unaofuata fungua ukurasa huohuo. Kazi yote ya mbunge ninayoithamini iko hapa.

Usisubiri kura ya mwisho ya bajeti kuu. Pale kila mbunge huitwa kwa jina, na ibara ya 90 inampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa bajeti. Ugomvi wa kasma moja hauna nafasi tena.

Wapo watakaokuambia kuwa kuisimamia serikali ya chama chako ni kukibomoa. Wakumbushe Februari 2008. Kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond iliongozwa na Harrison Mwakyembe, mbunge wa CCM, chama tawala, na taarifa yake ikafuatiwa na kujiuzulu kwa Waziri Mkuu Edward Lowassa, wa chama hichohicho. Mwakyembe alibaki CCM na baadaye akawa waziri. Taarifa ile ilikuwa na uzito kwa sababu ya nyaraka na mashahidi.

Kuhusu Mfuko wa Jimbo: ni fedha ya umma inayopitia halmashauri, nawe ni mwenyekiti wa kamati yake. Miradi ichaguliwe kikaoni, muhtasari uandikwe, na orodha ibandikwe kwenye ofisi za kata. Mbunge akigawa mabati kana kwamba ameyanunua yeye, wananchi hushindwa kuhoji yaliyopungua.

Tamko la mali na madeni hutakiwa na Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma kila mwaka kabla ya mwisho wa Desemba. Anza kulijaza Novemba, kwa sababu hati za viwanja na taarifa za benki huchelewa kupatikana.