Alama ziwe kwenye tepu, si kwenye chuma: kwa wanaoanza mizingile ya mkononi

Mzingile wa kuficha, yaani fumbo la mkononi ambalo mhimili (fimbo ya kati) hutembea ndani ya bomba huku pini ya bomba ikifuata mfereji uliochongwa kwenye mhimili, usiouona, hautaki nguvu. Unataka kumbukumbu, na vidole pekee husahau baada ya kona chache. Kwa hiyo utaweka alama, hilo halina ubishi. Kosa ni kuchora juu ya chuma kwa msumari au kwa wino usiofutika. Mkwaruzo hauondoki, na atakayekishika chombo baada yako atakuwa amepewa jibu kabla hajaanza.

Tafuta tepu ya karatasi, ile wapaka rangi wa magari hufunikia vioo. Izungushe mara moja kwenye bomba la nje karibu na mdomo, kata ncha zinapokutana, ibandue na uilaze juu ya meza. Mzingo wa bomba ukiwa 120 mm, weka alama kila 5 mm: unapata sehemu 24, kila moja nyuzi 15. Mzingo ukiwa namba mbaya, tuseme 131 mm, daftari la mistari litakusaidia kuliko kikokotoo. Laza tepu kwa mshazari, mwanzo wake uguse mstari wa 1 na mwisho uguse mstari wa 13. Mistari itaukata ukingo wa tepu katika sehemu 12 zilizo sawa kabisa, kisha kila sehemu igawe nusu. Andika kwa penseli, maana wino wa kalamu hutawanyika kwa jasho la mikono. Rudisha tepu mahali pake na uchore mstari mmoja wa kielekezi kwenye kipande kidogo cha tepu juu ya kichwa cha mhimili.

Usibandike chochote kwenye sehemu ya mhimili inayoingia ndani. Tepu ikichubuka humo, hujikunja kwenye mfereji na pini hukwama. Urefu upime kwa rula ya plastiki, kutoka mdomo wa bomba hadi kichwa cha mhimili.

Sasa jambo linalowapotosha wengi: plei, kama mafundi wa magari wanavyoiita ile nafasi ya pini kuchezacheza. Pini ya 3 mm ndani ya mfereji wa 4 mm inacheza 1 mm, na kwenye mzingo wa 120 mm hiyo ni nyuzi 3. Ukisoma mara ukisukuma kulia, mara ukisukuma kushoto, ramani yako itaonyesha njia mbili mahali penye moja. Dawa ni kusukuma taratibu upande uleule kila unaposoma, hadi pini iguse ukuta, ndipo uandike namba.

Ramani ichore kwenye daftari la miraba, safu wima moja kwa kila sehemu ya tepu. Juu ya ukurasa andika mambo mawili: unahesabu mwendo wa mhimili au wa bomba, na unautazama mzingile kutoka upande gani. Mhimili ukivutwa nje, pini kwa mfereji imeenda ndani, na asiyeandika hilo huishia na ramani iliyogeuka kama sura kwenye kioo. Kumbuka pia kwamba safu ya 24 inapakana na safu ya 1. Ongeza safu tatu za mwanzo kwa mara ya pili mkono wa kulia, ili njia inayozunguka bomba isikatike machoni pako.

Ile kanuni ya kufuata ukuta wa kulia tu haitoshi hapa, kwa sababu ukuta unaweza kulizunguka bomba na kukurudisha ulipoanzia. Tumia mbinu ya Mfaransa Trémaux, iliyochapishwa na Édouard Lucas mwaka 1882: kila unapopita mlango wa njia, weka nukta moja hapo kwenye ramani, na mlango wenye nukta mbili usiingie tena. Ukifika njia panda mpya, anza na mlango usio na nukta; ukiifikia ya zamani kwa njia mpya, geuka urudi ulikotoka.

Shika kwa kidole gumba na cha shahada tu. Mkono mzima ukihusika, pini hupinda au huchimba ukuta wa mfereji, na hapo fumbo limeharibika: kona mpya imezaliwa ambayo aliyelitengeneza hakuiweka. Mafuta ya kupikia usiyafikirie kabisa. Baada ya muda huganda kama gundi, hushika vumbi, na springi ya pini hupoteza ule mlio mdogo unaokuongoza. Unga wa risasi ya penseli nao usitie kwenye alumini; hewa yenye unyevu ikikutana nao, chuma huanza kulika. Sabuni ya kufulia ni kali kwa alumini iliyotiwa rangi. Kitambaa kikavu kisicho na nyuzi kinatosha karibu kila siku.

Mafumbo ya mbao yana tabia yake. Mbao huvimba kwa upana, si kwa urefu, na Entebbe kando ya ziwa katika mvua za Machi hadi Mei droo iliyokuwa laini hukaza. Usipige msasa! Ukipunguza mbao wakati imevimba, wakati wa kiangazi, au ukiipeleka mahali pakavu kama Moroto, italegea na pini itaruka kuta. Weka fumbo ndani ya bati lenye kifuniko pamoja na vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, uliache humo siku kadhaa, mbali na jua kali. Likiendelea kukwaruza, paka nta ya mshumaa kidogo. Spiriti iepuke: huyeyusha vanishi ya shelaki, na kwenye plastiki angavu huleta nyufa ndogondogo.

Tepu ibandue ndani ya siku chache, polepole, ukiikunja nyuma juu yake yenyewe. Ikikaa wiki nyingi kwenye joto, gundi hubaki. Hapo tu ndipo tone la mafuta linaruhusiwa, juu ya chuma cha nje: liache dakika 10, futa, kisha pitisha kitambaa chenye maji na sabuni ya kuogea. Kwenye mbao isiyopakwa vanishi tumia kifutio cha penseli, kwa sababu mafuta huacha doa lisilotoka.